Kabla Hujasaini Mashine ya Kadi

Wadogo zangu, leo tunapiga hesabu. Mwenye kesi za mawifi na wachumba asubiri toleo lijalo, maana barua zenu za biashara zimejaa, na nyingi zinauliza jambo moja: Dada, mashine ya kuchanja kadi nichukue ya nani?

Nitajibu moja kwa niaba ya zote. Imetoka Jambiani, Unguja. Mwenyewe ana nyumba ya wageni ya vyumba sita na mgahawa wa meza chache mbele yake. Anasema wageni wanamsifu kwa chakula na usafi, lakini asubuhi ya kuondoka inakuwa mtihani. Mgeni ananyoosha kadi, yeye anamwelekeza ATM ya Paje, mgeni anarudi na jasho na robo ya pesa kwa sababu ATM imegoma kutoa zaidi. Sasa wamemjia maofisa mauzo wawili. Wa kwanza ametoka benki: asilimia 3 kwa kila muamala, na kodi ya mashine shilingi 30,000 kwa mwezi. Wa pili ni wa kampuni ya malipo: asilimia 3.5, mashine haina kodi. Anamalizia, "Dada, si nimchukue wa asilimia 3 tu yaishe?"

Hayaishi, mdogo wangu. Chukua kalamu.

Umeniandikia kwamba Juni hadi Oktoba, na Desemba hadi Februari, unatarajia kadi za kama milioni 9 kwa mwezi. Hiyo ni miezi minane. Machi, Aprili, Mei na Novemba, kwa maneno yako mwenyewe, "labda laki tano, na hapo nimeomba dua." Mwaka mzima basi ni milioni 74. Wa benki atakata 2,220,000, uongeze kodi ya mashine ya miezi kumi na miwili 360,000, jumla 2,580,000. Wa kampuni atakata 2,590,000. Tofauti yao kwa mwaka ni shilingi elfu kumi. Kwa elfu kumi mtu hagombani na mtu.

Lakini usiangalie mwaka peke yake, kwa sababu wewe huli mwaka, unakula mwezi kwa mwezi. Aprili ukiwa na laki tano za kadi, wa benki anachukua 15,000 za asilimia na 30,000 za kodi. Hizo ni 45,000, yaani asilimia 9 ya ulichouza, mwezi ambao mvua inanyesha na umeme unatakiwa ulipwe vilevile. Wa kampuni mwezi huo huo anachukua 17,500. Kwa bei hizi mbili, mwenye mauzo ya kadi chini ya milioni 6 kwa mwezi kodi ya mashine inamuumiza, na aliyevuka hapo inamfaa. Wenye saluni na maduka ya nguo ambao biashara zao hazina masika wala kiangazi, hesabu yenu inakuwa nyepesi zaidi: tafuteni tu mpaka wenu uko wapi.

Kisha nimesoma picha za mkataba ulizonitumia, hata ule ukurasa uliofunikwa na kidole chako. Mkataba wa benki una kifungu cha kiwango cha chini: mwezi ukichanja chini ya milioni 5, unalipa nyongeza ya 50,000. Ofisa hakukutajia, na wala sishangai, hiyo si sehemu ya shairi aliyofundishwa kukariri. Wewe una miezi minne ya namna hiyo, kwa hiyo ni laki mbili nyingine. Ghafla yule wa asilimia 3 anakugharimu 2,780,000 na yule "ghali" anakugharimu 2,590,000.

Ndiyo maana ninawaambia, swali la kumuuliza ofisa mauzo si asilimia ngapi. Muulize hivi: mgeni akichanja laki nne leo, kwenye akaunti yangu zinaingia shilingi ngapi, na siku gani? Akikupa jibu lenye tarakimu, mwambie aliandike na atie saini. Akianza kusema "inategemea, dada", mwambie akuandikie inategemea nini.

Na kweli kuna mambo inategemea, sisemi anadanganya. Kwenye hiyo asilimia wamekaa watu watatu: benki iliyompa mgeni kadi, mtandao wa kadi wenyewe kama Visa au Mastercard, na huyu aliyekuletea mashine. Fungu kubwa kwa kawaida linakwenda kwa benki ya mgeni, na hakuna ofisa mauzo anayeweza kulipunguza hata ukimpikia pilau. Unachoweza kubishania ni fungu lake yeye. Fungu la benki ya mgeni nalo hubadilika: kadi iliyotolewa hapa nchini mara nyingi ina makato madogo, ya nje ina makubwa zaidi, na kadi za biashara na zile za kukusanya zawadi zinapanda juu. Kwa hiyo dai bei mbili kwenye karatasi, ya kadi za ndani na ya kadi za nje. Ofisa akikutangazia bei ya kadi za ndani wakati wageni wako wanatoka Italia na Poland, hiyo bei si yako.

Uliza na VAT. Kuna wanaotaja asilimia ikiwa na VAT ndani yake, na kuna wanaoitaja uchi. VAT ikiwa asilimia 18, makato ya 3.5 yanakuwa 4.13. Si pesa ya kufumbia macho kwenye milioni 74.

Sasa hili la kumwongezea mgeni. Mnalifanya wengi, nawajua: kibao kidogo mapokezi, "kadi ongeza asilimia 5". Wewe makato yako ni 3.5, hiyo moja na nusu ni ya nani? Mgeni wa Ulaya akisoma hicho kibao anakunja uso, na ana sababu. Huko kwao, tangu mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kwa fungu la benki ya mwenye kadi: asilimia 0.2 kwa kadi za debiti na 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na tangu Januari 2018 mwenye duka haruhusiwi kumtoza mteja zaidi kwa sababu amelipa kwa kadi hizo. Kikomo hicho ni cha manunuzi ya huko, hakikusaidii wewe Jambiani. Lakini mgeni hajui hayo, anachojua ni kwamba kwao ni marufuku na hapa ametozwa. Atakwenda kuyaandika, na nyota zako mtandaoni zitapungua kwa ajili ya elfu ishirini. Zaidi ya hapo, mikataba mingi ya mashine inakataza nyongeza hiyo. Soma wako. Weka gharama kwenye bei tangu mwanzo: chumba cha 400,000 kiandike 415,000, ukikatwa asilimia 3.5 unabaki na 400,475. Anayelipa taslimu mpunguzie ukipenda, atashukuru.

Na bei iandike kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo vile vibao vya dola vishusheni kama bado vimening'inia.

Kuna mashine zinazomuuliza mgeni pale pale: unalipa kwa shilingi au kwa sarafu ya kwenu? Akichagua ya kwao, ubadilishaji unafanyika hapo hapo kwa kiwango cha aliyeleta mashine, ambacho mara nyingi kinambana mgeni, na kuna wanaokurudishia wewe kipande kidogo cha faida hiyo. Ofisa atakuambia ni kipato cha ziada. Mimi nasema mpe mgeni mashine mkononi achague mwenyewe. Nimeona mhudumu anambonyezea mgeni kitufe cha yuro haraka haraka kama anafuta kosa. Mgeni akifika kwao akilinganisha na benki yake, anajua kilichotokea.

Tuje kwenye siku ya pesa kuingia, ambayo kwa biashara ndogo naiona nzito kuliko nusu asilimia. Wengine wanaingiza siku ya kazi inayofuata, wengine baada ya siku mbili au tatu, na "siku ya kazi" kwa kawaida maana yake Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Ukichanja Ijumaa jioni milioni mbili, na Jumamosi alfajiri unatakiwa sokoni kununua samaki wa wageni wa harusi, hizo milioni mbili ni namba tu kwenye risiti. Benki mara nyingi itataka ufungue akaunti kwao. Kampuni ya malipo inaweza kukupelekea kwenye benki uliyonayo, ila uliza gharama ya kuhamisha anabeba nani. Uliza pia kama wanazuia sehemu ya mauzo yako kwa miezi kadhaa kama dhamana. Huwa wanawafanyia hivyo wenye biashara ya kuwekewa nafasi mapema, na nyumba ya wageni ni mojawapo. Na mfundishe mhudumu wa zamu ya usiku kufunga mashine. Kuna mashine ambazo miamala ya siku haiendi popote mpaka zifungwe, na mtu anakaa anailaumu benki siku tatu kumbe mashine inamsubiri yeye.

Mkataba hautakuambia kwa herufi kubwa kwamba pesa iliyoingia inaweza kutoka. Mwenye kadi ana haki ya kuyakana malipo kwa benki yake: sikununua, sikupata nilichonunua, nimekatwa mara mbili. Kwa sababu nyingi ana hadi siku 120 za kulalamika, na kama alilipia safari ya baadaye, siku hizo zinaweza kuanza kuhesabiwa kutoka tarehe ya safari yenyewe. Benki yake inairudisha pesa, aliyekuletea mashine anaikata kwako, na juu yake kuna ada ya usumbufu. Hiyo ada iulize ni kiasi gani, na unapewa siku ngapi za kujitetea. Wenye haki wanakupigia simu na kukuomba ushahidi kwanza. Wengine unagundua salio limepungua ndipo unaanza kuuliza.

Kujitetea kunaanza siku ya kulipa. Kadi yenye chipu ikichomekwa na mgeni akaweka namba yake ya siri, uko mahali pazuri: si rahisi aseme hakuwepo. Ukiandika namba za kadi kwa kidole kwenye mashine kwa sababu mgeni amekutumia picha ya kadi WhatsApp, mbele na nyuma, umebeba hatari yote wewe. Usikubali picha za kadi, hata za mgeni mwenye heshima zake. Kwanza kanuni za usalama za mitandao ya kadi hazikuruhusu kutunza ile namba ya tarakimu tatu ya nyuma, na sasa imekaa kwenye simu ambayo mtoto anachezea gemu. Mtumie kiungo cha malipo, aandike mwenyewe upande wake. Kama huyo wa kampuni anatoa viungo vya malipo na wa benki hatoi, hiyo kwako ni sababu kubwa ya kumchagua kuliko rangi ya mashine.

Na mkipata barua pepe tamu hivi, mkae macho: familia ya watu wanane, wiki mbili, hawaulizi punguzo, wanataka kulipa yote mapema kwa kadi. Ila wanaomba uwakate zaidi, tuseme milioni 12 badala ya 9, halafu ile milioni 3 umtumie "wakala wao wa usafiri" kwa simu, kwa sababu yeye eti hapokei kadi. Kadi ni ya wizi. Mwenye kadi akiyakana malipo baada ya wiki tano unarudisha milioni 12 zote, na milioni 3 za wakala zimekwenda na wakala. Mgeni wa kweli hakupi pesa umpelekee mtu mwingine.

Jambo linalofanana na hilo ni kuazima mashine ya jirani. Najua Zanzibar na Arusha linafanyika kwa upendo tu: "nichanjie hapo kwako, utanipa kesho." Jirani mkataba wake unamkataza kuchanja biashara isiyo yake. Mauzo yanaonekana ni yake, na kodi ikija inamkuta yeye. Mgeni naye akifungua taarifa ya benki yake anakuta amelipa duka la vinyago wakati alilala kwako siku nne, anayakana malipo. Hata kwenye mashine yako mwenyewe, uliza jina litakalotokea kwenye taarifa ya mteja ni lipi. Ukiwa umesajili kampuni kwa jina la marehemu babu na wageni wanakujua kwa jina la bahari, omba liandikwe hilo la bahari.

Mengine niyapitie mbio. Mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi ni kitu kingine kabisa, kuwa nayo hakukuondolei haja ya hii wala hii haikuondolei ile. Hakikisha aliyekujia yuko kwenye orodha ya watoa huduma za malipo waliopewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania. Kwa walioko Kenya, Benki Kuu ya Kenya. Uliza mashine ikiharibika ni ya nani: pwani yetu chumvi inakula chuma, sembuse kitu chenye skrini, na sijui kwa nini kila mkataba unaandika bei ya mashine iliyopotea kama vile ni ya dhahabu. Uliza inatumia laini ngapi za simu, maana mtandao mmoja unaweza kulala huku mgeni ana boti ya kuwahi. Na uliza kuondoka: notisi ya siku ngapi, na kuna faini? Mkataba wa miaka mitatu wenye faini ya kuvunja, kwa biashara ambayo haijui msimu ujao utakuwaje, mimi siutaki.

Wenye maduka ya vitenge Kariakoo na mama lishe mlioniandikia, nyinyi nawauliza: wateja wenu ni nani? Kama ni Watanzania watupu, Lipa Namba inawatosha kwa sasa, na ule msimbo wa QR wa TANQR unapokea kutoka mitandao na benki tofauti bila kukodi mashine yoyote. Msichukue mashine ya kadi kwa sababu jirani anayo mezani inapendeza.

Na wale walioko Marekani wanaofungua saluni za kusuka, kwenu hatari kubwa naiona kwenye kukodishwa mashine kwa mkataba wa miaka minne usiovunjika, uliojitenga na mkataba wa makato. Unaacha huduma, kodi inaendelea. Mashine yenyewe ungeinunua kwa dola mia chache. Huko kuna kampuni zenye bei moja bila ada ya mwezi. Square ilianza hivyo, baada ya Jim McKelvey, fundi wa vioo wa St. Louis, kukosa kuuza bomba lake la kioo kwa sababu hakuweza kupokea kadi ya American Express. Mwenye mauzo madogo bei moja inamfaa. Ukikua, omba bei inayotenganisha fungu la benki ya mteja na fungu la wao, uone unamlipa nani nini.

Narudi Jambiani. Mdogo wangu, usisaini wiki hii. Mrudie yule wa benki na karatasi ya mshindani wake, mwambie afute kifungu cha kiwango cha chini na asimamishe kodi ya mashine miezi ya mvua. Wana uwezo wa kufanya hivyo kuliko wanavyokubali. Kama Machi, Aprili, Mei na Novemba hulipi kodi, gharama yao inashuka hadi 2,460,000 kwa mwaka, na hapo yule wa asilimia 3 anakuwa nafuu kweli. Wakikataa, chukua kampuni, ila wakuandikie siku ya pesa kuingia, ada ya malipo yaliyokanwa, na namba ya simu inayopokelewa Jumapili usiku. Hiyo namba ipige Jumapili usiku kabla ya kusaini, usione haya.

Mashine ikifika, kabla mgeni yeyote hajaigusa, chanja kadi yako mwenyewe shilingi elfu kumi. Funga mashine, subiri siku waliyokuahidi, kisha fungua akaunti. Kwa kampuni inatakiwa uone 9,650. Ukiona 9,587, ujue VAT waliiweka juu na hawakukuambia. Wapigie siku hiyo hiyo.